Kukusanya Sarafu za Zamani za Kigeni Ukiwa Kigoma au Tabora: Pa Kuanzia

Wengi wakianza kukusanya sarafu hutaka moja kutoka kila nchi ya dunia. Baada ya mwaka wana kopo lenye senti ya Marekani, yen ya Japani, sarafu ya Uturuki na nyingine ambayo hakuna anayeweza kuisoma, zote zimepewa na wageni au ndugu waliosafiri. Sioni ubaya, ila kopo hilo halisemi lolote. Aliye Kigoma au Tabora ana nafasi ambayo mkusanyaji wa miji mingine hana: fedha za kigeni zilifika hapa kwa njia zinazojulikana, yaani msafara, reli na ziwa, na kila njia iliacha sarafu zake masandukuni. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kupanga mkusanyiko wako kwa njia, si kwa nchi.

Kwanza, chagua njia utakayoifuata

Njia kongwe ni ya misafara, kutoka pwani hadi Unyanyembe (eneo la Tabora) na kuishia Ujiji. Humo utasikia habari za reale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, rupia za India zenye kichwa cha Malkia Victoria, na pesa za shaba za Sultani Barghash wa Zanzibar zenye picha ya mizani. Lakini usidanganywe na hadithi. Huku bara, biashara ya misafara ilikwenda kwa vitambaa vya merikani na kaniki, kwa shanga na kwa nyaya za shaba. Sokoni Ujiji shanga ndizo zilizonunua samaki na mafuta. Sarafu zilibaki zaidi pwani, kwenye vitabu vya hesabu vya matajiri. Ukiipata reale iliyokaa Ujiji kwa vizazi, umepata kitu kizuri. Usipoipata, hujakosea popote.

Njia ya pili ni ya Mjerumani, na hiyo ndiyo naipendekeza kwa anayeanza. Kodi ya nyumba ilipoanza kutozwa mwaka 1898, sarafu zililazimika kuingia vijijini, maana serikali ilitaka fedha. Reli ya Kati ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mishahara ya vibarua, askari na wapagazi ilisambaza rupia na heller (sarafu yao ndogo) kila mahali, na ndiyo maana bado zinaonekana hadi leo.

Ya tatu ni ya Mbelgiji, nayo ni ya Kigoma hasa. Majeshi ya Kongo yaliingia Kigoma mwishoni mwa Julai 1916, na Wabelgiji wakakaa hapo hadi 1921. Hata baada ya kuwaachia Waingereza, walibaki na eneo lao bandarini kwa ajili ya mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi. Faranga zilivuka na meli, mitumbwi, samaki na jamaa. Na ya nne ni ya shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1921. Hiyo kila ukoo unayo.

Chagua moja. Ukitaka zote nne kwa mpigo utanunua ovyo.

Pili, vifaa

Havizidi vitano: kioo cha kukuzia cha fundi saa, mzani mdogo wa kidijitali unaosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, rula ya milimita, sumaku (ile ya nyuma ya spika ya redio mbovu inatosha kabisa), na daftari. Mzani ukikushinda bei, nenda kwa sonara. Masonara wengi wanaijua tola, na tola moja ni gramu 11.66, uzito uleule wa rupia ya India na wa rupia ya Mjerumani. Rupia nzima isiyochakaa ikikosa kufika karibu na tola, uliza maswali.

Tatu, kutafuta

Sarafu nzuri haziko kwa wauza vitu vya kale. Ziko ndani ya masanduku ya bibi, kwenye makopo ya vifungo ya mafundi cherehani, na katika mikufu. Masonara wa zamani walizipenda rupia kwa sababu fedha yake ilikuwa ya kuaminika. Nyingi waliziyeyusha zikawa bangili, nyingine wakazitoboa au kuzichomelea kikonyo zivaliwe shingoni. Iliyotobolewa hupoteza sehemu kubwa ya thamani ya soko, ila mimi huzichukua kwa furaha. Tundu lile ni sehemu ya maisha yake hapa kwetu.

Unapokwenda kwa mzee, usianze na bei. Amkia, kaa, uliza habari za nyumbani, kisha sema wazi: "Bibi, nimekuja kuangalia hela za zamani na kusikia habari zake. Si lazima uziuze." Mara nyingi hatauza siku hiyo, na haidhuru, kwa sababu maelezo yake yana thamani kuliko sarafu yenyewe: ilikuwa ya nani, alilipwa kwa kazi gani, alikuja nayo kutoka wapi. Andika palepale. Zipo pia familia zinazoweka rupia kwa ajili ya matambiko. Ukiambiwa hivyo, shukuru, usiombe tena.

Hapo hapo nikutahadharishe juu ya jambo ambalo kila anayegusa sarafu atakutana nalo. Kuna watu wanaozunguka wakitafuta "rupia yenye nguvu", ile inayodaiwa kuvuta mchele au sindano, na kwamba kuna tajiri mahali fulani anayeinunua kwa mamilioni. Utaombwa hela ya "kuipima", ya "mtaalamu", ya "safari". Ni utapeli mtupu. Fedha na shaba hazivutwi na sumaku wala hazivuti chochote. Rupia itakayovuta sindano ina chuma au sumaku ndani yake, maana yake ni ya bandia. Mara nyingine ushirikina wenyewe ndio unaotoa ushahidi wa ughushi.

Nne, jifunze kusoma sarafu

Hapa ndipo utamu ulipo, kwa hiyo usipite haraka.

Anza na mwaka. Pesa ya Barghash imeandikwa 1299 kwa tarakimu za Kiarabu, na kijana yeyote wa madrasa atakusomea. Huo ni mwaka wa Hijria. Kuugeuza kwa makadirio, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622: utapata 1882. Pesa za shaba za kampuni ya Wajerumani, Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, nazo zina maandishi ya Kiarabu upande mmoja, kwa kuwa wateja wao walikuwa watu wa pwani waliosoma hati hiyo. Zina miaka 1307 hadi 1309, yaani 1890 hadi 1892, na 64 zilifanya rupia moja.

Mwaka unaweza pia kukupotosha. Reale ya Maria Theresa imeandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Uarabuni waliizoea mno sura hiyo kiasi kwamba iliendelea kupigwa chapa na mwaka uleule kwa zaidi ya karne moja na nusu, kwanza kwenye viwanda vya Austria, baadaye hata London, Roma na Bombay. Mtu akikuambia reale yake ina zaidi ya miaka mia mbili, inawezekana iko sawa na umri wa baba yake. Uzito wake ni gramu 28.07.

Kisha soma jina la mtoaji. Rupia za mwanzo za Mjerumani, kuanzia 1890, zina Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia yenye tai juu, na nyuma yake simba na mnazi pamoja na jina la kampuni. Kuanzia 1904 serikali ilikuwa imechukua mambo ya fedha mikononi mwake, jina likawa Deutsch Ostafrika tu, na rupia ikagawanywa kwa heller 100 badala ya pesa 64. Ukiziweka hizo mbili pamoja mezani unaona koloni likitoka mkononi mwa wafanyabiashara na kwenda kwa serikali.

Herufi ndogo ni anwani ya kiwanda. A ni Berlin, J ni Hamburg. Kwenye shilingi na senti za Afrika Mashariki, H ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham, KN ni Kings Norton, I ni Bombay, SA ni Pretoria. Na T ni Tabora.

Juu ya T hiyo lazima tuongee. Vita vilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza zilifunga bahari, na sarafu mpya kutoka Ujerumani hazikufika. Serikali ya koloni ikachapisha noti za dharura, lakini askari na wapagazi hawakuziamini karatasi. Walitaka chuma kinacholia mkononi. Mwaka 1916, katika karakana ya reli Tabora, wakaanza kupiga sarafu wenyewe: heller 5 za shaba ya njano, heller 20 za shaba ya njano na za shaba nyekundu, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15. Shaba ilitoka popote ilipopatikana. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, upande wa Singida. Sarafu ya dhahabu ina tembo aliyesimama mbele ya mlima, mwaka 1916 na T chini yake. Uzito gramu 7.17, dhahabu asilimia 75. Zilipigwa 16,198 tu. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Kibelgiji chini ya Jenerali Tombeur yaliingia Tabora, na hadithi ya kiwanda hicho ikawa imekwisha. Kazi yote hiyo ilifanyika ndani ya miezi michache.

Usiitafute ile ya dhahabu. Ina bei ya kutisha, na za bandia zimejaa. Tafuta heller 20. Ishike kwenye mwanga wa dirishani uiangalie kwa kioo: upande mmoja taji, herufi D.O.A. (kifupi cha Deutsch Ostafrika) na mwaka 1916, T ikiwa chini. Upande wa pili namba 20 na neno HELLER. Uso wake hauko sawa, picha mara nyingi imekaa kando, ukingo una unene huku na wembamba kule, na ukipima tatu utapata uzito wa aina tatu. Usiikatae kwa sababu ya ubaya huo. Ndivyo zilivyotoka mtamboni, zikitengenezwa na mafundi wa reli na si wa sarafu. Mihuri yao ilichakaa haraka ikabidi ichongwe mingine, na ndiyo maana kuna yenye taji kubwa na yenye taji dogo. Angalia pia ncha za chini za herufi L mbili za HELLER: nyingine zimechongoka, nyingine zimejikunja. Ukikusanya aina hizo zote kwa shaba zote mbili, tayari una mkusanyiko wa maana ambao mtu wa Tabora anaweza kuusimulia jioni nzima.

Heller nyingine nzuri kwa anayeanza ni ya 5 ya mwaka 1908 na 1909, lisarafu la shaba lenye kipenyo cha milimita 37 na uzito wa karibu gramu 20. Watu hawakulipenda kulibeba, na kuanzia 1913 likaletwa dogo la nikeli na shaba lenye tundu katikati. Heller 10 zenye tundu, za 1908 hadi 1914, ndizo rahisi kupata.

Kwa upande wa ziwa, soma jina la nchi kwa Kifaransa. "Etat Indépendant du Congo" ni ya zama za Mfalme Leopold, kabla ya 1908. "Congo Belge" ni baada ya hapo. Vipande vyenye tundu na nyota ni senti za mwanzo mwanzo. Ninayoipenda zaidi ni faranga 2 ya mwaka 1943: ya pembe sita, shaba ya njano, tembo upande mmoja. Ubelgiji ilikuwa imekaliwa na Wajerumani, hivyo ilipigwa Philadelphia, Marekani. Baadaye kuna za "Congo Belge Ruanda-Urundi" za miaka ya 1950, kisha faranga 1 yenye simba ya "Rwanda Burundi", ambayo ina toleo la 1964 wakati nchi hizo mbili zilishatengana tangu Julai 1962. Benki yao ilikuwa bado moja. Mtu wa Manyovu au Kasulu asipate taabu kuzipata hizo.

Shilingi za Afrika Mashariki nitazipitia haraka. Hadi 1946 zina fedha robo. Kuanzia 1948 ni nikeli na shaba tupu. Utazitambua hata bila kupima: za kabla zinamwita George wa Sita mfalme na pia mtawala wa India, "Indiae Imperator", na za 1948 zimeyaacha maneno hayo kwa kuwa India ilijitawala mwaka 1947. Shilingi moja yenye kichwa cha Malkia Elizabeth usiisumbukie, haikutolewa. Kichwa chake kiko kwenye senti 50. Na ukikuta senti 5 au 10 yenye tundu ya mwaka 1936 iliyoandikwa EDWARDVS VIII, iweke pembeni. Mfalme huyo alijiuzulu kabla hajamaliza mwaka, na ni makoloni machache tu yaliyotoa sarafu kwa jina lake. Si ghali, lakini inafurahisha.

Tano, pima kabla ya kulipa

Sumaku kwanza. Rupia, heller, faranga ya 1943, reale: hakuna inayotakiwa kushika. Kisha uzito, kisha kipenyo. Rupia ni milimita 30 na nusu. Ukingo wa bandia mara nyingi una mstari mwembamba unaozunguka katikati, alama ya nusu mbili zilizounganishwa.

Kama bado una shaka na rupia, fanya kipimo cha maji. Weka kikombe cha maji juu ya mzani, bonyeza urudi sifuri. Funga rupia kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala pembeni, usome namba. Kwa rupia halisi isiyochakaa sana itasoma karibu 1.13. Ukigawa 11.66 kwa hiyo unapata kama 10.3, ambao ndio msongamano (gramu kwa kila sentimita moja ya ujazo) wa fedha ya asilimia 91.7. Shaba iliyopakwa rangi ya fedha itakupa 9 au chini yake. Kwa reale tarajia karibu 2.75.

Sita, usisafishe

Majivu na ndimu, dawa ya meno, steel wool, dawa ya kung'arishia shaba: vyote hivi ni adui. Ule weusi wa rupia na ukahawia wa heller ni ngozi iliyojengeka kwa miaka mia. Ukiukwangua, hautarudi na mnunuzi yeyote anayejua ataona mikwaruzo kwa kioo chake. Kama kuna udongo, loweka kwenye maji safi ya mvua au yaliyochujwa kimaabara, siku moja au mbili, ukibadilisha maji, kisha kausha kwa kubonyeza kitambaa laini cha pamba. Usisugue. "Maji ya betri" ya dukani soma kwanza kibandiko. Mengine ni asidi.

Saba, kuhifadhi na kuandika

Kigoma unyevu wa ziwa ni mkali, hasa masika. Tumia bahasha ndogo za karatasi, kila sarafu na yake, ndani ya bati lenye mfuniko, na utupie vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Epuka mifuko ya plastiki laini yenye harufu, kwani baada ya muda hutoa uteute wa kijani. Rababendi nazo huiunguza fedha ikawa nyeusi.

Juu ya bahasha andika aina, mwaka, herufi ya kiwanda, uzito. Kwenye daftari andika kilichobaki: ilipatikana wapi, kwa nani (kwa ruhusa yake), alisema nini, ulilipa kiasi gani. Heller 20 ya kununua mtandaoni na heller 20 ambayo babu wa mtu alilipwa stesheni Tabora ni chuma kilekile. Tofauti yake iko kwenye daftari tu.

Mwisho, bei na sheria

Bei inategemea uchache, hali na hamu ya mnunuzi, si umri. Kabla ya kununua kitu cha gharama, angalia bei ambazo sarafu kama hiyo imeuzwa kweli kwenye minada, si bei ambazo watu wanaomba. Kwa vitu vya kawaida, kubadilishana ni bora: wa Tabora ana heller za T mbili zinazofanana, wa Kigoma ana faranga za pembe sita tatu, mnaelewana.

Kuchimba ni habari nyingine. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu kuchimba kutafuta vitu vya kale bila leseni, wala kupeleka vitu vya kale nje ya nchi bila kibali. Kwa hiyo acha kabisa kuzungukia maboma, njia za misafara na maeneo ya vita na mashine ya kutambua madini. Ukikuta kitu ardhini wakati unalima, kiache kama kilivyo, piga picha, toa taarifa kwa ofisi ya serikali iliyo karibu au kwenye makumbusho, iwe ya Ujiji au ya Kwihara. Na kabla ya kuvuka mpaka na sarafu za zamani sana mfukoni, uliza Idara ya Mambo ya Kale kama zinahitaji kibali, na majibu yao uyachukue kwa maandishi.